Chuma Kimewekwa Kilike, Mtu Hakuwekwa Alike

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)

Leo napenda tuzungumze juu ya kipande cha chuma. Usicheke, na usizime redio. Ni kipande ambacho wengi wetu hatujawahi kukigusa, ingawa tumekiona kikifanya kazi mara nyingi. Nazungumzia yale makali yaliyofungwa kwenye mdomo wa kijiko cha mtambo wa kupakilia taka, mchanga na kokoto.

Mtambo wenyewe unaujua. Wapo wanaouita loda, wapo wanaouita kijiko, na wapo ambao kila mtambo wa rangi ya njano kwao ni katapila. Mbele una bakuli kubwa la chuma, na mikono miwili ya kulinyanyua. Bakuli hilo ndilo kijiko. Mtambo ukisonga mbele, mdomo wa chini wa kijiko unaingia kwenye lundo, unachota, mikono inanyanyuka, na lori linapata mzigo wake. Asubuhi mpaka jioni mdomo huo unakwaruzana na mawe, vigae, vipande vya zege na mchanga.

Sasa, waliobuni mitambo hii walilijua jambo ambalo bibi zetu walilijua zamani kwa jembe la mkono. Chuma kinacholima huliwa na udongo. Jembe linatoka dukani likiwa pana, na baada ya misimu kadhaa linabaki kipande kisichofika hata nusu ya kile kilichonunuliwa. Mkulima hasikitiki. Mpini anao, atanunua jembe jingine. Lakini kijiko cha loda si jembe. Ni mabamba mengi yaliyochomelewa pamoja, na bei yake inaweza kumtoa jasho hata tajiri. Kwa hiyo wabunifu wakaamua hivi: kwenye mdomo wa kijiko tuweke bamba la peke yake, la chuma kigumu zaidi, liliwe badala ya kijiko. Likiisha, litolewe na kuwekwa jingine. Kijiko kibaki salama.

Naam, bamba hilo limewekwa ili liliwe. Hiyo ndiyo kazi yake.

Ugumu wa chuma hupimwa kwa kipimo kiitwacho Brinell. Chuma cha kawaida, kile cha mageti na madirisha, hupata kama 120 hadi 150. Bamba la makali aghalabu hupata 400 hadi 500. Hata hivyo nalo huliwa, kwa sababu mchanga na mawe mengi yana chembe za kwatzi, na kwatzi ni ngumu kuliko chuma. Mtambo unaopakia mawe magumu ya Lugoba utamaliza makali yake haraka kuliko unaopakia mawe ya chokaa ya Kunduchi. Lakini hakuna mtambo usiomaliza. Tofauti ni siku tu.

Utaniuliza: mimi mkazi wa mjini, na makali ya kijiko, wapi na wapi? Ndugu yangu, ngoja nikusimulie niliyoyaona.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na shughuli katika mji mmoja, jina lake naliweka mfukoni. Halmashauri ya mji ule ilikuwa na loda moja tu ya kupakilia taka. Siku niliyofika, loda ile ilikuwa imesimama karakana kwa wiki ya tatu. Masika yalikuwa yameanza. Pale sokoni lundo la taka lilikuwa limefika urefu wa paa la kibanda, maji machafu yakitiririka kutoka chini yake mpaka mbele ya mama wauza dagaa. Nchi yetu inakijua kipindupindu tangu miaka ya 1970. Hakuna aliyehitaji kuambiwa lile lundo lina maana gani.

Nikaenda karakana kuuliza. Opareta wa mtambo ule, mtu mpole wa makamo, hakunijibu kwa maneno mengi. Alinifungulia daftari la mtambo. Miezi minane nyuma, kwa kalamu ya bluu, alikuwa ameandika: "Makali yameisha upande wa chini. Naomba yageuzwe."

Msikilizaji, zingatia neno hilo, yageuzwe. Hakuomba bamba jipya. Makali mengi yanayofungwa kwa bolti yametengenezwa yakiwa sawa pande zote mbili. Ukingo wa mbele ukilika, bamba linafunguliwa, linageuzwa, na ukingo wa nyuma ambao haujaguswa unaletwa mbele. Bamba moja linafanya kazi ya mawili. Kinachohitajika ni bolti mpya na nati zake, spana, na kazi ya asubuhi moja. Opareta yule aliomba bolti.

Mwezi wa pili aliandika tena. Mwezi wa nne akaandika kwa herufi kubwa. Nilimuuliza alijibiwa nini. Akasema: "Nilijibiwa swali, mzee. Niliulizwa, mtambo unatembea hautembei? Nikasema unatembea. Nikaambiwa, basi si mbovu."

Hapo ndipo ugonjwa wetu ulipo. Kwetu sisi kitu kinachotembea si kibovu. Gari linatembea, basi tairi si kipara. Paa halijaanguka, basi mchwa hawajaingia.

Loda ile iliendelea kutembea. Lakini makali butu hayaingii kwenye lundo, yanasukuma. Opareta akilazimisha, matairi yanazunguka palepale na kukatwakatwa na mawe, na dizeli inaungua bure. Akikandamiza kijiko chini ili kichote, ndiyo kwanza anazidi kukimaliza. Bamba likalika mpaka kwenye vichwa vya bolti. Vichwa vikalika. Siku moja kipande cha bamba kikadondoka humohumo kwenye taka, hakuna aliyekiona. Kuanzia siku hiyo kilichokuwa kikiliwa si makali tena, ni mdomo wa kijiko chenyewe.

Halmashauri ilipozinduka na kununua bamba jipya, na bei yake si haba, halikuwa na mahali pa kukaa. Mdomo ulikuwa umelika kama mkate ulioumwa na panya, matundu ya bolti yamepanuka, upande mmoja umepasuka. Sasa ilibidi mdomo wote ukatwe kwa gesi, uchomelewe mwingine, ndipo makali yafungwe. Ombi la bolti limekuwa kazi ya mdomo mzima. Usipoziba ufa utajenga ukuta: methali hii tumefundishwa tangu tungali wadogo, na nina hakika katika ofisi ile kila mmoja angeweza kuimalizia.

Lakini sikukuita leo nikueleze habari ya hasara ya fedha peke yake. Kuna jambo kubwa zaidi, nalo nililiona kwa macho yangu siku ya matengenezo.

Ilikuwa siku ya Alhamisi. Ijumaa yake mji ulikuwa unategemea mgeni mkubwa, na taka zilitakiwa ziwe zimeondoka. Afisa mmoja alikuja karakana na haraka yake. Akaamuru mtambo uwashwe, kijiko kinyanyuliwe juu, na mtu aingie chini kuanza kukata bolti zilizobaki. Kulikuwa na kijana mmoja kibarua, umri wake haukuzidi miaka 20. Kijana mtiifu. Alivua kofia, akalala chali, akaanza kujisogeza chini ya kijiko.

Fundi mkuu wa karakana ile alikuwa mzee, vijana walimwita Babu. Alikuwa ameinama akitafuta kitu kwenye sanduku la spana. Alipogeuka na kuona miguu ya kijana inaingia chini, hakupiga kelele. Alisema tu, "Toka huko, mwanangu."

Kijana akatoka. Afisa akakunja uso. "Babu, unatuchelewesha."

"Mkuu, naomba nusu saa ya magogo," mzee akajibu. "Nikichelewa leo, wewe utanisamehe kesho. Huyu akilaliwa na kijiko, mama yake hatanisamehe mpaka kiyama."

Msikilizaji, mikono ya loda hushikiliwa juu na mafuta yaliyobanwa ndani ya mabomba. Mpira wa bomba ukipasuka, au mtu akigusa kwa bahati mbaya wenzo ulioko kwenye kiti cha opareta, kijiko kinashuka. Hakibishi hodi. Wala hakuna mtu duniani mwenye mkono wa kukizuia.

Mzee yule alifanya kazi yake kama anavyotakiwa kuifanya kila fundi. Kwanza mtambo ulipelekwa mahali tambarare, breki ya mkono ikavutwa, matairi yakawekewa kabari. Loda hujikunja katikati inapokata kona, kwa hiyo alichomeka kile chuma cha kufungia kiuno, ili isijikunje na kumbana mtu. Halafu akaagiza mataruma ya zamani ya reli, mbao nzito hasa, akayapanga chini ya kijiko. Hakutaka kijiko kiwe juu ya kichwa cha mtu. Alisema kimo cha goti kinatosha kufikia bolti. Kijiko kikashushwa mpaka kikakaribia mbao. Injini ikazimwa. Ufunguo ukatolewa, akautia mfukoni mwake yeye mwenyewe, si mfuko wa opareta wala wa afisa.

Kisha akapanda kwenye kiti, akasukuma wenzo mbele na nyuma, ili kutoa nguvu iliyobaki kwenye mafuta. Injini imezimwa, msikilizaji, mtambo umekufa kabisa. Lakini kijiko kilishuka ule upana wa vidole viwili uliobaki, kikatua juu ya mataruma kwa kishindo kilichotikisa ardhi tuliyosimama. Hakuna aliyesema neno. Yule kijana alikuwa akitazama nafasi iliyokuwa chini ya kijiko, pale alipokuwa amelaza kichwa chake muda mfupi uliopita.

Baada ya hapo kazi ilianza. Nako kulikuwa na mambo ya kujifunza.

Fundi wa kuchomelea alikuwa ameleta vipande vya springi ya lori, akisema vitafaa kwa makali na vitaokoa fedha. Mzee alivikataa. Chuma cha springi ni kigumu, kweli, lakini ukikichomelea ovyo kikiwa baridi hupasuka kando ya mshono. Hali kadhalika bamba lenyewe la makali, lile la kufunga kwa bolti, halichomelewi kwenye kijiko kwa sababu tu bolti zimekosekana dukani. Na palipo na lazima ya kuchomelea chuma kigumu, hupashwa moto kwanza, aghalabu kati ya nyuzi 100 na 200 za Sentigredi, kulingana na aina ya chuma, unene wake na maelekezo ya kiwanda. Ukizidisha sana unalainisha ugumu ulioununua kwa fedha nyingi. Ukiacha kabisa, mshono unapoa ghafla na kuwa kama kioo.

Na vile vijiti vya kuchomelea vyenye namba 7018, ambavyo mafundi wanavijua, vinatakiwa viwe vikavu. Mafundi wengi huviacha wazi kwenye kona ya stoo, navyo hunywa unyevu wa hewa. Unyevu ule katika moto hutoa gesi ya haidrojeni, inaingia kwenye chuma, na ufa hauonekani siku ileile. Unaweza kuonekana kesho yake, au keshokutwa. Fundi ameshalipwa, amekwenda zake, na chuma kinapasuka usiku wenye mtambo wamelala.

Mdomo mpya ulipokamilika, ulisuguliwa mpaka ukawa safi na umenyooka, maana bamba likikaa juu ya kutu na matone ya kuchomelea, bolti hulegea zenyewe. Bamba halikubebwa kwa mabega. Hesabu mwenyewe: bamba la urefu wa meta 2.5, upana wa sentimeta 25 na unene wa milimeta 25 lina uzito wa zaidi ya kilo 120, yaani gunia la mahindi na ziada. Lilinyanyuliwa kwa mnyororo na winchi. Bolti zilikuwa mpya zote, zile za shingo ya mraba ambazo vichwa vyake huzama ndani ya bamba, si bolti za kitanda kutoka duka la vifaa vya ujenzi. Zilikazwa kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha mtambo. Na mzee alimwambia opareta, "Ukishafanya kazi saa chache, rudi tuzikaze tena. Bolti mpya hujitafutia mahali pa kukaa." Aliyepiga nyundo alivaa miwani ya kazi, kwa kuwa chuma kigumu kikigongwa hurusha vipande, na jicho halina spea.

Kazi haikuisha Alhamisi. Iliisha Jumamosi. Mgeni alikuja Ijumaa, akapitishwa barabara nyingine. Jumapili taka zikaondoka.

Na Jumatatu, msikilizaji, yule mzee alipewa barua. Alitakiwa ajieleze kwa maandishi kwa nini amechelewesha kazi ya halmashauri kwa siku mbili. Aliyeliweka kwenye droo ombi la bolti kwa miezi minane hakuandikiwa barua yoyote. Sikusimuliwa habari hii. Barua niliiona, mzee alinionyesha akicheka, lakini mkono ulioishika haukuwa unacheka.

Sasa tujiulize. Tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, ambayo inamtaka mwajiri ahakikishe mfanyakazi wake hadhuriki kazini. Tunao Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015. Ni mambo mema. Lakini fidia hulipwa baada ya mtu kuumia, na sheria haina mikono ya kupanga mataruma. Anayeyapanga ni mtu kama Babu. Tukimwandikia barua ya kujieleza kila anapoyapanga, siku moja atachoka, ataacha kusema "toka huko, mwanangu." Siku hiyo tutajua kwa nini alikuwa akichelewa.

Angalia pia jinsi mambo haya mawili yalivyofungamana. Haraka ya Alhamisi haikutoka mbinguni. Ilizaliwa na uzembe wa miezi minane. Kama bolti zingenunuliwa zilipoombwa, makali yangegeuzwa asubuhi moja, bila mgeni wa kumkimbilia, na hakuna kijana ambaye angelala chini ya kijiko. Mara nyingi anayelipa deni la kitu kisichotengenezwa kwa wakati si yule aliyekataa kukitengeneza. Ni kibarua. Ni mama muuza dagaa mbele ya maji machafu. Ni mtoto anayechezea maji hayo.

Wapo watakaosema fedha hakuna. Nakubali kwamba fedha hazitoshi, hazijawahi kutosha. Lakini bolti zilikosa fedha, mdomo mzima wa kijiko ukapata. Hizo fedha za mdomo zilikuwa wapi wakati wa bolti? Ukweli ni kwamba matengenezo ya kawaida hayana sherehe. Mtambo mpya hukatiwa utepe na kupigiwa picha. Sijawahi kumwona kiongozi akikata utepe mbele ya bamba lililogeuzwa.

Kwa hiyo nakuomba, ndugu msikilizaji, siku diwani wako akiitisha mkutano, usiulize tu lini halmashauri itanunua mtambo mpya. Muulize maswali madogo. Je, makali ya akiba na bolti zake zipo stoo leo? Daftari la mtambo husomwa na nani, na kila baada ya siku ngapi? Na pale karakana, mataruma ya kuegemezea kijiko yapo, au wanamtegemea Mungu na mafuta ya haidroliki? Maswali haya hayatapigiwa makofi. Lakini majibu yake yatakuambia kama taka za mtaani kwako zitaondoka masika yajayo.

Nanyi mafundi na maopareta mnaonisikiliza, endeleeni kuandika kwenye daftari. Hata kama halisomwi, andikeni, na muandike na tarehe. Na kijana ukiambiwa uingie chini ya kijiko kilichoning'inia, uliza kwanza kimeegemea nini. Kuuliza si utovu wa adabu.

Bamba la makali limewekwa pale ili liliwe na mawe. Tuliache liliwe, na likiisha tulibadilishe kwa wakati. Chuma kimewekwa kilike. Mtu hakuwekwa alike.